Kofia Katika Kabati la Vioo

Ukiingia katika sebule ya mtu mwenye pikipiki, yamkini utaona kabati la mvule lililochongwa na seremala hodari, na ndani yake kofia ya kinga imewekwa mahali ambapo mwenye nyumba mwingine angaliweka vikombe vyake vya kaure. Koti la ngozi limetundikwa juu ya chango, glavu zimelala pamoja kama pacha, na buti zimepangwa chini zikimeremeta. Nataka kukuuliza, msomaji: je, pambo hili ni uungwana au ni majivuno?

Usifanye haraka kujibu kuwa ni majivuno. Chini ya gamba gumu la kofia ile mna tabaka nene la povu kavu, lililotengenezwa ili libonyee mara moja tu, na nguvu ya pigo iishie humo isiufikie ubongo. Petroli na joto kali huliharibu povu hilo. Mchanga huchubua kioo cha usoni. Na ngozi iliyofungiwa mbichi, hasa katika unyevu wa Mombasa au Lamu, huota ukungu upesi. Basi mtu aitupaye kofia kando ya debe la petroli bandani, akajiona amejiepusha na anasa, amekidharau kichwa chake mwenyewe. Mahali pakavu, penye kivuli na hewa, ni haki ya kofia. Na ikiwa mahali hapo panapendeza macho, mimi sioni dhambi katika mbao nzuri.

Shaka yangu iko kwingine. Mwingereza T. E. Lawrence, aliyevuma kwa vita vya Arabuni, alizipenda mno pikipiki zake za Brough Superior hata akazipa majina. Mwezi wa Mei, 1935, alianguka na mojawapo huko Dorset, kichwa chake hakina kinga, akafa baada ya siku sita. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomwuguza, alianza kuchunguza majeraha ya vichwa ya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha ushahidi wa manufaa ya kofia. Mapenzi ya Lawrence kwa chombo chake yalikuwa ya kweli, lakini hayakumfaa kitu siku ile.

Sasa tuseme wewe una kofia mbili. Moja umeizoea, ya pili ni nyeupe, mpya, nayo ndiyo uzuri wa kabati lako. Usiku jirani anabisha hodi: mama yake mzee ameshikwa na homa kali, naye ataka umfikishe hospitali. Sheria ya Kenya humtaka mwendeshaji na abiria wake wote wawili wavae kofia na koti la kuakisi mwanga, lakini usiku ule hakuna askari njiani. Unautazama weupe wa kofia ya pili, unakumbuka mafuta ya nywele na jasho la homa, kisha unasema moyoni kwamba hospitali si mbali.

Hapo ndipo kabati linapohukumiwa, wala si kwa bei ya mbao zake. Kama ningeulizwa na seremala, ningemwambia asitie kufuli, na chango ya kofia ya abiria aipigilie karibu na mlango wa nje, mahali ambapo mkono huifikia hata gizani.