Vidole Vilivyotangulia Akili

Mtoto mwenye kipaji cha ajabu hujifunza kazi yake mara mbili.

Yehudi Menuhin, mzaliwa wa New York, alipiga fidla mbele ya okestra ya San Francisco akiwa na miaka 7. Aprili 1929, siku chache kabla ya kutimiza 13, alipiga tungo za Bach, Beethoven na Brahms jijini Berlin, zote usiku mmoja. Vidole vilikwenda vyenyewe. Hakuwahi kujiuliza vinakwendaje.

Ukubwani swali likamkuta. Mkono ulipoanza kumgomea, bingwa huyo alirudi kujifunza namna ya kushika upinde na kuegemeza fidla begani, somo ambalo mwanafunzi wa kawaida huanza nalo. Mwaka 1963 alifungua shule ya watoto wanamuziki nchini Uingereza.

Hata pale Kyimo, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, mtoto anayeudaka wimbo wa kwaya kwa kuusikia mara moja tu hupigiwa makofi (na anastahili). Ni nadra mtu kumkalisha chini amwonyeshe jinsi ya kuvuta pumzi.