Msaada Unaoyeyuka

Umewahi kuona mafundi wakimwaga lenta? Hapa kwetu Kigera, Musoma, kwanza husimamishwa mirunda ya kubeba zege. Zege likishika, mirunda inang'olewa. Nani ahamie nyumba yenye mirunda sebuleni?

Nimeikumbuka mirunda kwa sababu ya mama, aliyeng'olewa gego. Pengo halikubaki lilivyokuwa. Jino likitoka, mfupa wa taya uliolishikilia husinyaa, hasa mwaka wa kwanza, maana hauna tena wa kumbeba. Kwenye hospitali zenye uwezo, daktari anaweza kuweka pale polima: sponji yenye matundu, au utando unaozuia nyama ya fizi isiwahi nafasi ya mfupa. Seli za mfupa huingia na kujenga.

Polima nyingine hutokana na asidi ya laktiki, ileile inayochachusha maziwa ya mgando, ikichanganywa na asidi ya glikoliki. Maji ya mwilini hukata minyororo yake taratibu, mwisho mwili huitoa kama maji na hewa ya kaboni. Hupasuliwi tena ili itolewe. Mkemia ndiye anayepanga muda wake. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huisha kwa wiki au miezi michache, na ya laktiki tupu huweza kukaa zaidi ya mwaka. Ikiwahi kuisha, mfupa mchanga unakosa pa kushika. Ikichelewa, inaziba njia.

Sasa hebu tujiulize: msaada mwema ni upi? Tumezoea kumhukumu anayesaidia. Mfadhili kaondoka mapema, mzazi kang'ang'ania mno. Sawa. Lakini hapo tumesahau nusu ya habari. Polima huyeyuka, mfupa uwe umeota au haujaota. Haimsubiri mtu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, na umri wangu umeshapita ishirini. Naandika riwaya usiku, kwa umeme anaolipia mama. Nikiulizwa, najibu kwamba kitabu kikiisha nitajitegemea. Jibu tamu, bwana! Juzi nilimwona akitafuna ugali upande mmoja wa mdomo, polepole, nikatambua kuwa siku zote nimekuwa nikijiuliza ataacha lini kunibeba. Hilo si swali langu. Yeye anapungua kila siku, nikue nisikue.

Basi wajibu wa kwanza wa anayesaidiwa si kushukuru. Ni kuota mfupa wakati sponji ingalipo.