Je, Moyo Nao Hufundishwa Darasani?

Mkimwuliza mzazi kwa nini ampeleka mtoto shuleni, atajibu: apate akili. Hatasema: apate moyo. Kwa maana moyo, twadhani, mtoto huja nao kutoka nyumbani, kama ajavyo na shati lake. Lakini siku hizi walimu wa nchi nyingi wanasema kwamba shule ya sekondari nayo yapaswa kumfundisha kijana kuitambua hasira yake na kuitawala, kuyaona maumivu ya mwenzake, kupatana na watu, na kuamua mambo kwa busara. Je, wasema kweli?

Neno hili si geni kama mnavyodhani. Balega wa Maniema na Kivu walikuwa na Bwami. Mtu aliyeingia humo alipanda daraja kwa daraja, akaonyeshwa sanamu ndogo za mti na za pembe, akaimbiwa na kuchezewa mithali zake, hata akajua mtu mgomvi afanana na nini, na mtu mwema ni nani. Serikali ya Wabelgiji iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Sisemi kila jambo lake lilikuwa jema. Nasema tu ya kuwa wazee wale hawakuuacha moyo ujifunze peke yake.

Huko Marekani, daktari James Comer alianza kazi mwaka 1968 katika shule mbili za msingi za mji wa New Haven, zenye watoto wa jamaa maskini. Aliwaleta wazazi na walimu pamoja, kwani aliona kwamba mtoto hajifunzi vema kwa mtu asiyemwamini. Mwaka 2011 wataalamu walichapisha hesabu ya mipango 213 ya mafundisho ya namna hii, yenye wanafunzi zaidi ya 270,000, tangu wadogo hata wa sekondari. Waliofundishwa walionekana kuwa na mwenendo bora, na hata masomo yao ya kawaida yalipanda. Lakini Uingereza walipowafundisha vijana wa sekondari kutuliza mawazo yao, jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2022 halikuonyesha faida kupita mafundisho ya kawaida. Tena wengi wa vijana wale hawakufanya mazoezi nyumbani. Basi, dawa hii haimfai kila mgonjwa.

Swali linalonisumbua mimi ni jingine. Fikirini kijana wa sekondari ambaye baba yake hajalipa minervali. Asubuhi ataitwa jina lake mbele ya wenzake wote, asimame, achukue daftari zake, atoke. Wenzake watacheka. Baada ya juma moja baba ameuza mbuzi, kijana amerudi, na siku hiyo somo ni kutawala hasira. Mwalimu amwambia: vuta pumzi, hesabu hata kumi, utulie. Je, kijana huyu amefundishwa nini? Amefundishwa kwamba kosa ni hasira yake, wala si aibu aliyotiwa. Hasira yake ilikuwa shahidi wa kweli, nasi twamfunga shahidi mdomo. Kumfundisha mtu utulivu bila kumtendea haki ni kumfundisha kuvumilia uovu, nao uvumilivu wa namna hiyo huwafaa wakubwa kuliko wadogo.

Mtaniambia: mwalimu siye aliyeweka amri ya minervali, naye ana njaa, mshahara wake huchelewa, tena ana wanafunzi hamsini. Ni kweli, nami nawahurumia walimu, maana ni mmoja wao. Lakini namna ya kumwita yule kijana i mikononi mwake. Aweza kumwendea polepole wakati wa mapumziko, akamwambia faraghani. Kazi hiyo haihitaji fedha wala kitabu.

Kuna na hatari nyingine. Mwalimu mwenye bidii aweza kuwaambia watoto: kila mmoja asimulie huzuni yake. Katika Kivu yetu, ambako jamaa nyingi zimekimbia vita, mtoto aweza kukaa benchi moja na mwana wa mtu anayemwogopa. Siri yake ikitoka mdomoni, nani atairudisha? Mwacheni anyamaze mpaka apate mtu wa kumwamini. Wala msimpe alama kwa ajili ya moyo, saba juu ya kumi ya upole! Atajifunza upesi kuigiza upole.

Najua habari hii kwa kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika darasa langu la shule ya msingi, nilimwuliza mtoto swali, akanitazama tu. Nikauliza tena, akanyamaza. Nikadhani ni kiburi, nikampiga fimbo. Jioni nikasikia kwamba mama yake alikuwa amezikwa siku mbili nyuma. Walimwengu wote wa kijiji walijua, isipokuwa mwalimu wake. Hesabu nilijua kumfundisha, na kusoma, lakini sikujua kuutazama uso wake.

Kesho yake nilimwita nyuma ya shule, nikamwomba radhi. Akasema: si kitu, mwalimu. Sasa yuko sekondari, na tukikutana njiani hunisalimu kwa adabu. Lakini nilimpiga mbele ya wenzake, na radhi nilimwomba mahali ambapo hakuna aliyeona.