Nusu Inchi Ni Haki ya Nani?



Muhula huu wanafunzi 20 wa jumuiya yetu hapa Bujumbura tumeshona blanketi la viraka kwa ajili ya watoto yatima. Mafundi cherehani wa Buyenzi walitupa mabaki ya vitenge bure, na kila mmoja wetu alipewa mraba mmoja wa kushona. Wengi, nami nikiwemo, hatukuwahi kukalia cherehani. Katika kujifunza kulizuka swali linalotuhusu sote, hata asiyejua kutunga uzi kwenye sindano: kazi ya kujitolea ikipungua kidogo, kuna aliyedhulumiwa?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mraba una vipande tisa, safu tatu za vipande vitatu, na kila kipande kina inchi 4½ kila upande. Mshono hupita robo inchi kutoka ukingoni. Ukifuata hivyo, mraba hutoka na inchi 12½. Mshono ukiingia ndani zaidi kwa nusu ya robo hiyo, unakula pande zote mbili, kwa hiyo robo inchi nzima inapotea. Kila safu ina mishono miwili: mraba umeshapungua nusu inchi. Na ukishona karibu mno na ukingo, nyuzi huachia siku ya kufua.

Mama fundi aliyetufundisha alimwambia mwenzetu mmoja afumue. Akajibu, "Mama, si ni sadaka tu? Hakuna aliyelipwa. Na hiyo nusu inchi nani ataiona?"

Hoja yake si ya kupuuzwa. Dini yetu ni nyepesi, na aliyekosea bila kukusudia hana lawama. Tukimbana kila anayejifunza, mwakani hatakuja mtu.

Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba mraba ni wake peke yake. Mraba uliopungua hushonwa na wa jirani, na yule aliyepima sawasawa ndiye ambaye kazi yake itavutwa na kukunjwa ili ilingane. Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja. Wa chini walitaka kutoboa sehemu yao wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Nia haikuwa mbaya, na sehemu ilikuwa yao, ila wakiachwa watoboe wanazama wote.

Kwa hiyo naona tutenganishe kukosea na kuficha. Anayesema "wangu umepungua" amewapa wenzake nafasi ya kumsaidia, na kufumua ni kazi ya dakika chache. Anayejua akanyamaza, akitegemea kufunikwa na wenzake 19, anawakaribia wale wanaokemewa katika Suratul Mutaffifin kwa kupunja vipimo. Kutolipwa hakumwondolei mtu amana. Alipoupokea mraba, alipokea na kipimo chake.

Ndugu zangu, miraba tunayo mingi: kazi za vikundi darasani, zamu ya kufagia msikiti, daftari la michango. Kabla ya kusema "ni kujitolea tu", tumtazame aliyeketi pembeni yetu ambaye kazi yake itashonwa na yetu.

Wabillahi tawfiq.