Sabufa Salama kwa Nani?

Tukisema kifaa cha umeme kimefungwa salama, kwa kawaida tunamaanisha hakitamdhuru mwenye nyumba. Nimeanza kutilia shaka maana hiyo tangu mjomba anunue sabufa. Huku Lumuma, wilayani Kilosa, vitunguu vikiuzwa vizuri watu huingiza bati, pikipiki au muziki. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, niliitwa kusimamia ufungaji.

Upande wa umeme una majibu. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo tulisoma kwanza kibandiko cha nyuma. Tukachomeka kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ethi, si kwenye eksitensheni iliyokwisha kubeba friji na pasi. Fyuzi ya plagi ikabaki fyuzi. Hakuna aliyeweka kipande cha waya badala yake. Tukaacha nafasi ya joto kutoka, tukakubaliana kuichomoa radi zikianza. Mjomba akaridhika.

Lakini ng'ambo ya ukuta huo, hatua chache tu, analala bibi jirani. Sauti nyembamba huzuiwa na matofali kwa kiasi kikubwa. Besi, yenye mawimbi marefu, hupenya. Kwa hiyo bibi haupati wimbo tunaoufurahia sisi. Anapata dundo peke yake, hadi usiku wa manane.

Mjomba ana hoja zake. Kelele za mlango, anasema, hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Na kijijini muziki ni wa wote: ngoma ya harusi hukesha na hakuna anayenung'unika. Ni kweli, ila harusi hutangazwa, jirani hualikwa, na kukicha imekwisha. Sabufa haina mwaliko wala mwisho. Nayo methali inamzungumzia mwenye mlango; aliye nje ya mlango haikumtaja.

"Mbona hajawahi kulalamika?" mjomba aliniuliza. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote. Bibi huchaji simu kwa mjomba, na maji huchota kwake. Anayekutegemea hakukatalii kirahisi, na ukimya wake si ridhaa. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, lakini bibi hatafunga safari kwenda kumshtaki mtu anayempa maji. Kwa hiyo wajibu wa kuuliza unamwangukia anayeshika kitufe cha sauti.

Naona kazi ya kufunga sabufa haijakwisha mpaka mwenyewe aiwashe kwa sauti anayoipenda, usiku kijiji kikiwa kimetulia, kisha atoke akasimame dirishani kwa jirani. Asikilize kwanza, ndipo aulize. Na akijibiwa, "Haina shida, mwanangu," akumbuke simu ya anayemjibu inachajiwa kwenye soketi yake.