Rushwa ya barabarani: Ni dharura au ni kutojua haki zetu?

Mwaka 2019 nilisimamishwa na askari wa usalama barabarani hapa Dar es Salaam nikiwahi maziko. Taa moja ya breki ilikuwa haiwaki. Askari alinitajia kosa na faini yake, shilingi 30,000, kisha akanyamaza. Nilijua anasubiri nini. Nikampa 5,000 nikaondoka. Mwanangu aliyekuwa kiti cha nyuma akaniuliza: “Baba, mbona hakukupa risiti?” Nikamjibu kuwa tumechelewa.

Swali lile linanisumbua hadi leo. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Lakini sisi wa mjini tumezoea kujikinga na kauli ya wanazuoni kwamba anayedhulumiwa, akakosa njia nyingine ya kuipata haki yake, akalazimika kutoa mali yake ili kujiondolea dhulma, basi dhambi ni ya mpokeaji. Kauli hiyo ipo na ina uzito. Je, inatuhusu?

Mimi haikunihusu hata kidogo. Taa ilikuwa mbovu kweli. Sikujiondolea dhulma yoyote, bali nilinunua msamaha ambao askari hakuwa na mamlaka ya kuuza.

Tuje kwa asiye na kosa. Huyu husema, “Ningefanyaje?” Lakini sharti la wanazuoni ni kukosa njia nyingine, na mara nyingi njia ipo ila hatuijui. Dereva asiyekubali kosa halazimiki kulipa faini ya papo kwa papo. Anaweza kukana na kesi ikaenda mahakamani. Akikamatwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka aelezwe sababu. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kama kosa si kubwa na haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, sheria inataka aachiwe kwa dhamana, na dhamana ya polisi haiuzwi. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Hilo si geni kwa Waislamu, kwani tumeamrishwa kuihakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Atakuja mtu aseme: haki za kwenye karatasi hazifungui mlango wa mahabusu. Ni kweli. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, kondakta wa daladala, alizitaja haki zake kituoni akaambiwa ni mjuaji, akalala ndani siku mbili. Mama yake alikwenda kuuliza, akarudishwa. Akaomba dhamana, akazungushwa. Mwisho akakopa fedha akatoa. Mama huyo simnyooshei kidole. Yeye aligonga kila mlango aliouona, na dharura ikamkuta mwishoni. Sisi wengine tunaianza safari kwa dharura: leseni mkono mmoja, noti mkono mwingine, kabla hata hatujaambiwa kosa letu.

Na tukifanya hivyo tunamdhulumu mama yule. Kila noti yetu humzoesha askari kuona kwamba haki ina bei, na anayekuja baada yetu hana cha kulipa.

Misikiti yetu ina darsa za twahara, ndoa na mirathi, na katika safu za Ijumaa wamo mawakili. Kuna ubaya gani mmoja wao akapewa nusu saa awafundishe vijana wa bodaboda na daladala nini cha kusema wanapokamatwa, kwa adabu na bila ya kelele?

Mwanangu nimekwisha mjibu. Nilimwambia kuwa risiti haikutolewa kwa sababu ile haikuwa faini, na kwamba aliyekosea zaidi siku ile alikuwa baba yake, aliyejua.

Allah ndiye Mjuzi zaidi.