Chura na Mpiga Picha

Msomaji, ukitoka katikati ya Nairobi ukaelekea magharibi, hukawii kufika Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907. Hapo hupita kijito cha Kirichwa Kubwa. Wakati wa masika maji yake hukimbia juu ya mawe, na chura huketi ukingoni, tayari kujitosa asikiapo mshindo wa mguu.

Mpiga picha humnyemelea. Chura yu kivulini, nusu ya mwili wake imefichwa na jani. Nafsi humshawishi mtu: "Mkamate, umweke juu ya jiwe penye jua." Je, ni haki kumwondoa kiumbe mahali pake ili tuwaonyeshe wenzetu jinsi aishivyo? Picha ya namna hiyo hudhulumu mara mbili: humdhuru chura na humdanganya mtazamaji.

Chura hunywa maji kwa ngozi yake, na kwa ngozi hiyo hiyo huvuta hewa. Mkono uliopakwa dawa ya mbu kwake ni sumu. Tena, matope ya viatu yaweza kuchukua kutoka kijito hata kijito ule ukuvu ulioangamiza vyura katika nchi nyingi. Basi mapenzi yasiyo na adabu huweza kuua.

Utasema kwamba elimu haipatikani bila kushika. Ni kweli; lakini mtaalamu hushika kwa kibali na kwa kanuni, akitafuta ujuzi, wala si sifa.

Zingatia habari ya Kihansi, Tanzania. Mwaka 1996 aligunduliwa huko chura mdogo aishiye katika manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji yaligeuzwa ili kuzalisha umeme, manyunyu yakapungua. Baadaye ukuvu ukaingia. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliorudishwa huko mwaka 2012 walikuwa kizazi cha wachache waliotunzwa hai Marekani. Picha zake zilikuwapo siku zote hizo, lakini picha haizai.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Naam, lakini kimya cha chura chapasa kumtia hofu kila anywaye. Kwa hiyo, ukifika Kirichwa, simama mbali, ngoja, wala usiguse. Akijitosa kabla hujampiga picha, usihuzunike: wewe umekosa picha, na kijito hakikukosa chura.